Kiharusi cha Mama na mtani wake fundi viatu

Tangu Mama aanze tena kwenda kanisani kwa miguu yake, watu wenye wagonjwa wa kiharusi hunipitia dukani kwangu Kihesa, hapa Iringa, kuniuliza tulifanyaje. Wengi wanategemea nitaje mti fulani unaochimbwa huko Kilolo, au nabii. Nikiwaambia kwamba baada ya madaktari na mazoezi, aliyemrudisha Mama ni mzee mmoja Mngoni anayeshona viatu, na ambaye hajawahi kumwambia Mama neno la heshima, wananitazama kama vile na mimi kimenipata. Kwa hiyo naandika yote, gharama zikiwemo na yale ambayo ukoo wetu ulikosea, mwenye kuhitaji achukue.

Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mhehe wa Kalenga, Yanga damu, na alifundisha historia kwa ukali kiasi kwamba mpaka leo wanaume wenye mvi wakimwona mtaani wanatupa sigara. Presha anayo miaka mingi. Miezi michache kabla ya Juni 2023 aliacha vidonge kwa sababu alijisikia mzima, na maneno hayo hayo nayasikia karibu kwa kila familia ninayoongea nayo. Presha haiumi, ndiyo maana watu wanaacha dawa.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, ile baridi ya Juni ya Iringa ambayo mtu anaota moto na koti amevaa. Mama alikuwa uani anapuliza jiko la mkaa. Kikombe kikamponyoka mkono wa kulia. Akataka kusema kitu, yakatoka maneno ya ovyo, na mdomo ukaenda upande. Shangazi aliyekuwa nyumbani akasema amepigwa na upepo. Wakampaka mafuta, wakamwombea, wakamfunika blanketi, wakasubiri apitiwe na usingizi aamke mzima. Mimi nilipigiwa simu jua likiwa utosini. Tulifika hospitali jioni. Kwa kiharusi cha damu kuganda ipo dawa ya kuliyeyusha lile donge, inatolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Si kila hospitali inayo, lakini ukifika jioni kwa ugonjwa wa asubuhi huna hata la kuuliza. Uso umepinda, mkono haunyanyuki, maneno hayaeleweki: tafuta gari dakika hiyo. Maombi yanafanyika vizuri tu ndani ya gari.

Kuhusu fedha nitasema harakaharaka. Bima ya mstaafu ilibeba kitanda, vipimo na dawa nyingi. Kilichotumaliza ni vile ambavyo hakuna anayekutajia: pampasi za wakubwa, ambazo pakiti moja ilikuwa kati ya elfu kumi na tano na ishirini, bajaji ya kwenda na kurudi kila siku ya mazoezi, godoro gumu, binti wa kumsaidia kuoga, na duka langu ambalo lilikaa limefungwa mpaka wateja wakahamia kwa jirani. Tulifungua kundi la WhatsApp la michango, na mwezi wa pili likageuka baraza la ugomvi. Mwenye familia kubwa ashauriwe: mwekeni mtu mmoja wa kushika hesabu, tena awe yule asiyependwa sana, maana haogopi kudai.

Sasa nije kwa huyu mzee.

Tunamwita Mtani tu. Nadhani nusu ya mtaa hawajui jina lake la ubatizo. Alitoka Songea akiwa kijana, akapata kibanda upande wa Miyomboni, na yupo hapo hadi leo na sindano yake, kopo la gundi na rundo la vipande vya tairi. Miwani yake mkono mmoja ulishakatika, ameufunga kwa uzi wa viatu. Kwa asiyejua, Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana kuanzia 1878 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, hakuna aliyemmaliza mwenzake, wakachoka, na sisi wajukuu tukarithi ruhusa ya kutukanana bila kushtakiana. Mngoni atakuambia unakula mbwa. Wewe utamwambia anakula panya, na kwamba wazee wake walifika huku wakimkimbia Shaka. Atakayekasirika ndiye ameshindwa.

Urafiki wao ulianza siku Mama alipopeleka kiatu kilichotoboka, akaulizwa kama kimetafunwa na kitoweo. Mama akamjibu kwamba ndiyo, na kitoweo chenyewe kilikuwa kinafukuza kitoweo chake. Kuanzia hapo hawakuachana.

Kuchekesha kwake si kwa kupiga hadithi. Mtani hasimulii, hacheki, na sauti haipandishi. Mteja atamuuliza kiatu kitakuwa tayari lini, atasema Ijumaa. Ijumaa ipi? "Utaijua tu, utakuwa umevaa kiatu." Anasema hivyo huku anavuta uzi, wala hakuangalii. Unafika mbali ndipo unaanza kucheka peke yako njiani.

Ila nilimjua vizuri zaidi kwenye msiba wa Baba. Watani msibani wana kazi, na siyo kuchekesha peke yake: alichimba kaburi na vijana tangu usiku, akabeba maji, akapasua kuni. Asubuhi wakati jeneza linatoka, akatokea amevaa koti la Baba na kofia yake, anatembea mwendo wa Baba, anakohoa kile kikohozi cha Baba cha kabla ya kuingia ndani. Akasimama mbele ya jeneza. Akasema marehemu ana deni la soli, na haendi mtu ardhini na soli yake, basi ama deni lilipwe ama avuliwe. Wageni waliotoka Dar es Salaam walishikwa na butwaa. Wajomba wakatoa sarafu, akazihesabu moja baada ya nyingine, akakataa moja kwamba imechakaa. Na Mama, ambaye tangu afiwe alikuwa haongei wala hali, bega lake la kushoto likaanza kutikisika. Kicheko chake huanzia hapo, begani. Kisha anaziba mdomo kwa kiganja. Sauti hutoka mwisho kabisa, kama inatoka. Shikeni habari ya hilo bega, nitairudia.

Basi Mtani alipokuja wodini, nilitegemea vurugu. Hakusema kitu. Aliwasalimia manesi, akavuta stuli, akainama chini ya kitanda akachukua ndala za Mama. Kamba ya moja ilikuwa imechomoka. Akaitengeneza taratibu mpaka kengele ya kuwatoa wageni ikalia, akaziweka pamoja, akaenda zake. Kesho yake hivyo hivyo, safari hii hakuwa na ndala ya kutengeneza, akakaa tu. Nilimuuliza baadaye sana kwa nini alinyamaza. "Nilikuwa sijajua Mwalimu yuko wapi," alisema. "Nilikuwa namtafuta."

Wengine sote hatukumtafuta. Tulimwongelea juu ya kichwa chake. Anakula? Anasikia? Amejisaidia? Kuna waliompigia kelele kama kiziwi, na waliomwongelesha kitoto, "mama tunywe ujiii". Wageni walikuwa na mchezo mmoja ambao nauchukia mpaka leo: wanamwinamia usoni na kumuuliza, "Unanijua? Mimi nani?" Mama alikuwa amebakiwa na neno moja. Ukimuuliza kama ana njaa, "tena tena". Ukimsalimia, "tena tena". Akiumwa, "tena tena", kwa sauti nyingine. Daktari alitueleza kwamba kiharusi kilipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambao kwa watu wengi ndio unaobeba lugha, na ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Hali hiyo huitwa afasia. Mtu anaweza kuelewa mengi unayosema, na analolitaka kusema analijua, ila njia ya kulitoa imefungwa. Hebu fikiria umefundisha darasani zaidi ya miaka thelathini, halafu mtu uliyemfundisha a-e-i-o-u anakuinamia na kukuuliza kama unamjua.

Nesi mmoja mtu mzima alituambia jambo lililotusaidia sana: yale mambo ambayo ulimi umeyazoea mno, kama sala, nyimbo, kuhesabu, salamu na matusi, mara nyingi hubaki hata maneno mengine yakipotea. Tuimbe naye, tusali naye. Tulipoanza Baba Yetu, kweli, Mama alitufuata maneno kadhaa. Kwenye matusi hatukuthubutu. Nani atamtukana mama mgonjwa?

Tulirudi nyumbani. Jioni moja Mtani akafunga kibanda akaja. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye kochi, shangazi pembeni, na wanawake wawili wa jumuiya wamekaa na nyuso za msiba. Mtani akasimama mlangoni.

"Kamwene, mla mbwa."

"Tena tena," Mama akasema.

Mtani akavua kofia, akamwangalia kwa mshangao mkubwa. "Tena? Mwalimu, hata huyo wa kwanza hujammaliza."

Nyumba ilikuwa kimya. Mwanamke mmoja wa jumuiya akashika rozari. Mimi nilikuwa namwangalia Mama, na nikaliona lile bega la kushoto.

Tangu siku hiyo alikuja kila jioni. Kitu alichokuwa anafanya sikukielewa mara moja, nikadhani anapiga porojo tu. Alikuwa anaanza sentensi halafu haimalizi. "Mwalimu, sisi Wangoni watu wa maana. Sisi tunakula kuku. Tunakula mbuzi. Tunakula..." Kisha ananyamaza na kumwangalia Mama. Ananyamaza kweli, mpaka wewe wa pembeni unajisikia vibaya. Shangazi alishindwa kuvumilia, akadakia, "Samaki!" Mtani akamnyooshea kidole bila kugeuka. Siku nyingi zilipita hakuna kitu, "tena tena" tu, na Mtani anasema haya, tutaonana kesho, ananywa chai yake anaondoka. Halafu jioni moja aliposema "tunakula", Mama alifumba macho, mdomo ukajikusanya, mshipa wa shingo ukasimama, na likatoka.

"Pa... panya."

Lilikuwa neno lake la kwanza la kujitungia tangu kile kikombe kidondoke. Shangazi alilia. Mtani yeye alikasirika sana, akasema hajawahi kutukanwa hivi na mtu aliyekaa kwenye kochi, akadai faini ya kuku.

Nimelitafakari sana jambo hili usiku ninapofunga hesabu za duka. Sote tulimpa Mama mitihani ambayo angeweza kufeli. Mtani alimpa zamu. Utani hauwezi kuchezwa na mtu mmoja. Ukimrushia mwenzako lazima umwachie nafasi ya kurudisha, na hiyo nafasi peke yake inamwambia kwamba bado unamhesabu kuwa ni mtu wa kurudisha. Huruma yetu haikuwa na nafasi hiyo. Huruma inapokelewa tu.

Kwa wenye wagonjwa wa afasia, tulichojifunza kwa Mtani na baadaye tukathibitishiwa na mtaalamu wa mazoezi ni hiki: msimuulize maswali ya kumpima, zimeni redio, aongee mtu mmoja kwa wakati, na mkishauliza au mkishaanzisha, subirini. Hesabu moyoni mpaka kumi. Usimmalizie neno, hata kama unalijua na roho inakuuma.

Kulikuwa na jambo jingine lililotutesa, ambalo watu hawalisemi kwa aibu. Mama alianza kucheka ovyo. Na kulia ovyo. Mchungaji alikuja kumwombea na katikati ya maombi, aliposema "mjane huyu", Mama akapasuka kicheko kikubwa kisichokatika. Wakwe waliona ni dharau. Shangazi akasema sasa ni mapepo. Siku nyingine tangazo la sabuni redioni lilimfanya alie mpaka kifua kikauma.

Mtani ndiye aliyegundua kwanza. Alikuwepo siku moja Mama alipoangua kicheko bila sababu, na badala ya kufurahi kwamba mtu anacheka, alinyamaza, akamshika mkono mpaka kikapita. Akaniita nje. "Huyu hacheki," akasema. "Bega halijatikisika. Kamuulize daktari." Nikaenda. Kumbe ni jambo linalojulikana: kiharusi kinaweza kuharibu breki za ubongo zinazozuia kicheko na kilio, vikawa vinatoka vyenyewe bila kuendana na moyo wa mtu. Lina dawa. Mama alipewa, na pole pole vikapungua. Cha kusikitisha ni kwamba yeye mwenyewe zamani alitusimulia habari ya Kashasha, kule karibu na Bukoba, ambako Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni walianza kucheka na kulia bila kujizuia, wakafikia 95 kati ya 159, shule ikafungwa Machi, na balaa likasambaa vijijini. Tulipokuwa watoto tuliichukulia kama hadithi ya kufurahisha. Mama alikuwa akituambia hawakuwa na furaha wale watoto, walikuwa na hofu. Hatukumsikia.

Lazima niseme pia habari ya binamu yangu mmoja, maana watu wakisikia "mchekesheni mgonjwa" wanafikiri kila mchekeshaji anafaa. Huyu ni mtu wa kuchekesha harusi, hodari kwa kuiga watu. Alikuja Jumapili, akala, akaona watoto wamechoka na ukimya, akaanza kuiga mdomo wa Mama ulivyopinda na ile "tena tena". Watoto walianguka kwa kucheka. Hata watu wazima wawili watatu, nisiwataje. Mama aligeuza uso ukutani, na chakula cha jioni hakukigusa. Wapo waliosema mbona Mtani anamtania mambo hayo hayo? Kwa maneno ni yale yale, ndiyo. Lakini Mtani alikuwa anamtania Mama mwenyewe, wakiangaliana usoni, na Mama anaweza kumrudishia. Binamu alikuwa anawachekesha watu wengine, na Mama ndiye chakula. Halafu Mtani hata siku moja hakuugusa mdomo wake uliopinda. Alitania kabila, mpira, chai ya kwetu isiyo na sukari. Mdomo alikuja kuutania Mama mwenyewe, miezi baadaye, na hapo ndipo Mtani akajipa ruhusa.

Na utani una mwisho wake. Agosti Mama alizimika. Alikataa kula, alikataa mazoezi, alilala akiangalia ukuta tangu asubuhi. Mtani akaja, "Kamwene, mla mbwa", kimya. Akajaribu panya, kimya. Akajaribu Simba na Yanga, ambayo kwa Mama ni sawa na kugusa jicho, kimya. Alikaa kidogo akatoka, nikamsindikiza hadi getini nikitegemea aseme nisijali, kesho atakuja na kitu kipya. Akasema, "Hii siyo ya kwangu. Mrudishe hospitali kesho asubuhi." Nilimrudisha. Daktari alisema ni sonona, ugonjwa kabisa, na kwamba huwapata takribani mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi. Walimpa dawa na mtu wa kuzungumza nasi. Nawaheshimu sana wachekeshaji wanaojua kunyamaza, na nafikiri ni wachache.

Aliporudi katika hali yake, tulihamishia mazoezi ya mkono kwenye saa ya Mtani. Kunyoosha vidole vilivyokunjamana kunauma, nyie. Mama alikuwa analia. Lakini Mtani akiwa pale akilalamika kwamba mkono uliokunja ngumi hivi umewahi kumpiga fimbo mtoto wa Kingoni, Mama alivumilia muda mrefu zaidi. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake waliwapima watu uvumilivu wa maumivu baada ya kutazama vichekesho, wakakuta waliocheka kweli walivumilia zaidi. Mtaalamu wetu wa mazoezi hakuhitaji kusoma, alianza kuuliza mwenyewe, "Yule fundi anakuja leo?"

Ile kazi yake ya viatu nayo ilitufaa kwa namna ambayo sikuitegemea. Mama alipoanza kutembea akishikiliwa, mguu wa kulia ulikuwa unaburuza, na raba ya kulia ikawa inalika mbele, kwenye ncha ya kidole gumba, wakati ya kushoto iko kama mpya. Mtani aliweka kipande cha tairi hapo mbele, akakikwangua kwa kisu kiwe chembamba kisije kikamkwaza. Kila baada ya muda alikuwa anaivua, anaipandisha karibu na miwani, anapitisha kidole. "Mwalimu, huu mguu unalima." Wiki nyingine: "Sasa unapalilia." Alikuwa anasoma maendeleo ya Mama kwenye soli kabla hata sisi hatujayaona, na siku aliposema tairi halijalika, tulikwenda kliniki na mtaalamu akatuambia hatua zimenyanyuka. Mwenye mgonjwa wa namna hii aangalie viatu vyake. Na msimvalishe ndala. Ndala inateleza na kumwangusha.

Halafu ikaja Novemba.

Mtani ni Simba. Tangu Mei 2012, Simba walipoifunga Yanga tano bila, alikuwa akimsalimia Mama kwa kumnyooshea kiganja kilichofunguka, vidole vyote vitano, bila neno. Sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya benki. Zaidi ya miaka kumi Mama alikula kiganja hicho. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga wakaifunga Simba tano kwa moja. Tuliangalia sebuleni. Bao la tano lilipoingia Mama hakushangilia, alikaa ametulia akiutazama mkono wake wa kulia uliokuwa mapajani, vidole vimejikunja.

Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Angeweza kumnyooshea huo na ingetosha. Hakutaka. Mtani siku hizo alitoweka, alituma mtoto na ujumbe kwamba ana mafua, na huo muda Mama aliutumia. Asubuhi, kabla ya uji, aliweka kiganja mezani na kukinyoosha kidole kwa kidole kwa mkono wa kushoto, anaachia, kinarudi, anarudia. Gumba lilikubali upesi. Kidole cha mwisho kilikuwa kinarudi kujikunja kila mara. Binti wa kazi alikuwa anamhesabia: moja, mbili, tatu, nne, bado, bado. Sikuwahi kumwona akifanya mazoezi kwa bidii hivyo kwa ajili ya daktari, wala kwa ajili yetu watoto.

Mtani alipojitokeza, alisimama mlangoni amevua kofia, amegeukia upande kama mtu anayetaka kupita tu. Mama akauinua mkono wa kulia. Ulipanda ukitetemeka, haukufika hata usawa wa bega. Gumba likafunguka, cha shahada, cha kati, cha pete. Cha mwisho kikabaki kimejikunja. Mtani akakiangalia muda mrefu.

"Nne," akasema. "Mwalimu anasema nne. Nyie mashahidi, Yanga walifunga nne."

Mama aliguna kwa hasira, uso ukajaa damu, na kidole kikanyooka.

Mtani akakaa chini palepale kizingitini. Yule ambaye hacheki alicheka mpaka miwani ikadondoka.

Watu wananiuliza tulimlipaje. Tulijaribu kumpa fedha, kwa sababu jioni zote hizo alikuwa anafunga kibanda mapema na wateja wa jioni ndio wengi. Alikataa, na nikaona nimemuumiza. Shangazi, ambaye kwa sasa ni mwanafunzi wake mkubwa, ndiye aliyejua njia: ukitaka kumlipa mtani, mtoze faini au utozwe. Mama akaanza "kutozwa" kuku, debe la mahindi, ulanzi msimu wa mvua, na Mtani anazipokea kwa kelele kwamba hazitoshi. Yote aliyoyapoteza sidhani kama tumeyafidia. Jingine ambalo tulichelewa: mtu wa kuchekesha haulizwi anaendeleaje. Siku moja nilimkuta kibandani hawezi kutunga uzi kwenye sindano, macho yamechoka, na wateja wamemzunguka wanangoja neno la kuchekesha. Nilimpeleka kupima macho. Miwani mpya anayo, ila mkono wake mmoja ameshaufunga kwa uzi wa viatu. Anasema bila uzi haoni.

Mama sasa anaongea sentensi fupi, zenye mapengo. Anatembea kwa fimbo aliyochongewa na Mtani. Jumapili iliyopita mzee alikuja na daftari lake la madeni, akalisoma kwa sauti: fimbo, kipande cha tairi, gundi, kipande cha tairi tena, na usumbufu wa kutukanwa. Akajumlisha. Akasema asipolipwa leo anachukua fimbo, mtu atembee kwa jina la Mkwawa.

Mama alichukua muda wake. Sote tukanyamaza, hata watoto siku hizi wanajua kusubiri.

"Ng'ombe," akasema. "Mwaka... elfu moja... mia nane... sabini na nane. Kwanza rudisheni ng'ombe."

Mtani akafunga daftari, akaomba chai.